Upenyo Nyuma ya Bawa

Dada yangu alipotoka kwenye jengo la abiria la uwanja wa ndege hakunisalimu. Alinipa mkoba wake, akanipita, akaenda kusimama kwenye magari ya kukodi huku ameshika kiuno. Kwetu Iringa kutosalimia si jambo dogo. Mtu hata akiwa amefiwa atasema kamwene kwanza, ndipo alie. Nikajua kuna jambo, nikamfungulia mlango wa nyuma ili aweze kujilaza, na mimi nikakaa mbele na dereva.

Hakusema kitu mpaka Mbalizi, ambako malori na watu wa sokoni walitusimamisha.

"Bawa lilifunguka, babu," alisema kutoka nyuma. "Lilifunguka kama droo. Nikaona mashamba ya kahawa ya watu katikati yake."

Ananiita babu kwa sababu nimerithi jina la babu yetu. Yeye ndiye wa kwanza, mimi ni wa mwisho, lakini kwetu anayerithi jina hurithi na heshima yake. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akinifokea kwa heshima hiyo hiyo: babu, kanawe miguu, babu, acha kulamba sufuria.

Nikamwambia labda ndivyo bawa linavyofanya kazi. Akaniuliza kama nimewahi kupanda ndege. Nikasema hapana.

"Basi nyamaza."

Tulipofika kwangu Uyole, mke wangu akamwandalia godoro sebuleni, na dada akatangaza uamuzi wake akiwa amelala chali, akitazama dari. Kwenye ndege harudi. Kama daktari anamtaka, aje yeye. Kama haji, atabaki na mguu wake ulivyo.

Jambo lenyewe lilikuwa mguu huo. Dada hushona sweta za shule kwa mashine, na baada ya maisha ya kuinama, pingili moja ya mgongo ilikuwa imesogea na kubana mshipa wa fahamu. Mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi kutoka kwenye kidole gumba kupanda juu. Daktari wa Dar es Salaam alimweleza bila kuzunguka: apasuliwe, au mguu utaendelea hivyo mpaka usiweze kumbeba. Akampa tarehe ya kurudi kulazwa. Tena akamkataza basi, kwa sababu mara ya kwanza alikwenda kwa basi na alishushwa kituoni akiwa amebebwa. Ndiyo maana alirudishwa kwa ndege, na kwa kuwa siku ile hakukuwa na ndege ya Iringa, akaja Mbeya kwangu.

Siku chache baadaye alirudi nyumbani kwake akiwa amelala kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo. Tulidhani kulala kungesaidia. Matuta ya barabarani yalimlaza kitandani wiki nzima, na daktari alipopigiwa simu akasema safari za barabara basi tena, iwe ya kukaa au ya kulala. Ikabaki ndege.

Binti yake wa kwanza akanipigia. Alikuwa na mpango, na wadogo zake walikuwa wameshaukubali. Wangemwambia mama kwamba ndege inayoruka kutoka Iringa ni ya aina nyingine, mabawa yake hayafunguki. Wangemkalisha kwenye kiti cha njiani, mbali na dirisha, na mtu wa duka la dawa angempa kidonge cha kumsinziza.

"Kazi yako mjomba ni moja tu," alisema. "Akikuuliza, useme ni kweli."

Nikamuuliza: akiamka angani akaona, mtamshusha wapi? Akasema mjomba nawe kwa maswali. Nikamwambia sitasema. Mtu aliyeogopa jambo la kweli ukimdanganya mara moja, hatakuamini tena hata utakapomwambia kwamba amepona. Akasema kwa ukali wa mtoto aliyechoka kuuguza:

"Haya. Basi mshawishi wewe. Una muda mpaka tarehe ya daktari."

Nilikubali, na nilipokata simu nikatambua kwamba sikuwa najua chochote kuhusu bawa la ndege.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Uyole, pembeni ya barabara kuu, mahali ambapo vumbi la malori huingia kwenye varnishi usipofunga mlango. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza ukubwani kwa kamusi, kwa sababu vitabu vya michoro ya paa nilivyovitaka vilikuwa kwa lugha hiyo. Nasoma polepole. Nikifika mahali sielewi, narudi mwanzo wa ukurasa, na nikishindwa mara ya pili natafuta video kwenye simu, nione mikono ya mtu inafanya nini. Kwa njia hiyo nimejifunza kupiga hesabu za kenchi za paa, kutengeneza tanuri la kukaushia mbao, na kurekebisha injini ya randa. Nikaona bawa nalo litafunzika.

Nilianza na swali la dada: kwa nini linafunguka. Jibu halikuwa gumu kulipata. Ndege inayokwenda kasi inatosheka na bawa jembamba lililokaribia kunyooka. Hewa nyingi inapita kila sekunde, na bawa likiisukuma chini kidogo tu, ndege inabebeka. Lakini huwezi kutua kwa mwendo ule. Lazima upunguze, na ukipunguza, bawa lile lile halitoshi tena kubeba. Rubani anaweza kuinua pua ya ndege ili bawa lielemee hewa zaidi, lakini kuna mwisho wake. Ukipita mwisho huo, hewa ya juu ya bawa haiwezi tena kufuata mteremko. Inabanduka, inakuwa vurugu, na bawa linaacha kubeba. Kwa hiyo waundaji wakaamua kubadilisha umbo la bawa lenyewe ndege ikiwa angani. Kipande cha nyuma kinasogea nje na kuinama. Bawa linakuwa kubwa zaidi na lenye kupinda zaidi, linaisukuma hewa chini kwa nguvu ingawa mwendo ni mdogo. Kipande hicho wanakiita flapu.

Ningeweza kumwambia dada maneno hayo kwa simu, lakini nilimjua. Angesema: hayo umesoma, mimi nimeona. Ilibidi naye aone.

Nikatengeneza kisanduku cha upepo. Kilikuwa cha plaiwudi, kirefu kama benchi la kanisani, kimefungwa pande zote ila miisho miwili, na ubavuni nikaweka kioo. Mwisho mmoja nikafunga feni ya kuvuta hewa, na mwisho wa pili nikapanga mirija ya soda, mamia ya mirija iliyobanwa pamoja, ili hewa inayoingia inyooke na isije ikizunguka. Katikati likakaa bawa: kipande cha msonobari nilichokipiga randa kwa kufuata mchoro, mgongo umepinda, tumbo limekaribia kunyooka, nyuma kumechongoka. Juu yake nikagundisha vipande vifupi vya uzi wa sufu kutoka kwenye sweta la zamani ambalo mke wangu alikuwa amelifumua. Hewa ikipita vizuri, nyuzi zinalala. Ikibanduka, zinacheza.

Majirani walikubaliana kwamba ninatengeneza mashine ya kutotolea vifaranga. Fundi wa kuchomelea vyuma wa jirani aliniuliza trei za mayai zitakaa wapi. Nilipomwambia ni bawa la ndege, akasema si mbaya, kuku nao wana mabawa.

Bawa bila flapu lilifanya kazi siku ya kwanza. Nyuzi zote zikalala nyuma kama nywele zilizochanwa. Nikaliinua upande wa mbele kidogo kidogo mpaka nyuzi za nyuma zikaanza kutetemeka, kisha zikasimama na kugeuka mbele, kama kitabu kilivyosema. Nilifurahi. Nikakata sehemu ya nyuma, nikaifanya flapu, nikaiunga kwa bawaba za shaba, na hapo nikakwama.

Kila nilipoteremsha flapu, nyuzi zilizo juu yake zilicheza. Niliteremsha kidogo, zikacheza kidogo. Niliteremsha kama ndege inavyofanya ikitaka kutua, zikasimama wima zote. Hewa ilikuwa inafika kwenye kona ya flapu na kuondoka zake. Nikapunguza mwendo wa feni, nikaongeza, nikachonga flapu nyingine iliyonenepa mbele, nikapiga msasa mpaka msonobari ukawa kama kioo. Hakuna kilichobadilika. Siku zilikuwa zinakwenda, binti wa dada akinipigia kuuliza kama mabawa yangu yameshakubali, nami nikawa sipokei simu mpaka nimalize kula.

Nilijua kosa haliko kwenye kiungo. Kiungo kile kilikuwa kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Wateja wa Uyole wana namna yao ya kukagua samani: mtu anafika kabatini, anapitisha ukucha pale mbao mbili zinapokutana. Ukucha ukinasa, anaanza kupunguza bei. Ukizama, anaondoka. Kwa hiyo mkono wangu umefunzwa kutoacha nafasi. Flapu yangu ilikaa nyuma ya bawa bila hata unywele kupita, na ilivyoinama ilijiviringisha ndani ya bawa kama goti kwenye fuko lake.

Nikaenda kuangalia ndege. Nilipanda gari mpaka mbele ya Mbalizi, nikasimama nje ya uzio wa uwanja pamoja na mama mmoja aliyekuwa akilisha ng'ombe wake, nikasubiri ndege ya mchana. Ilipokuja ilipita karibu, chini, na nikaielekeza simu kwenye bawa. Baadaye nikaitazama video ile kipande kwa kipande nikiwa nimekaa kwenye nyasi. Kati ya bawa na flapu kulikuwa na mstari mweupe. Nilidhani ni rangi. Nikaikuza picha. Ulikuwa ni uwazi. Mawingu yalionekana katikati.

Dada alikuwa amenieleza hivyo hivyo kutoka kiti cha nyuma cha gari: ameona kahawa za watu katikati yake. Nilikuwa nimemsikiliza kama anavyosikilizwa mwoga, na kumbe alikuwa ametoa ushahidi.

Niliporudi karakana nikafungua tena michoro niliyokuwa nikiitumia. Uwazi ule ulikuwamo, kwenye kila mchoro wa flapu niliokuwa nao. Nilikuwa nimeuona kila siku. Lakini kwenye michoro ya samani, mchoraji huvitenganisha vipande kidogo ili fundi aone wapi ulimi unaingia na wapi mfereji unaanza. Ukipewa mchoro wa meza unajua kwamba nafasi ile si ya kweli, kazi yako ni kuifunga. Kwa hiyo na hapa nikaifunga.

Nikasoma upya, mara hii nikitafuta sababu ya uwazi. Hewa inayogusa uso wa bawa husuguana nao na kuchoka. Inafika nyuma imepungua mwendo, na ukiitaka ipinde ghafla na kushuka na flapu, haina nguvu hiyo. Lakini ukiacha upenyo kati ya bawa na flapu, hewa ya chini, ambayo imebanwa zaidi, inapenya, inatoka juu kwa kasi na kulala kwenye mgongo wa flapu ikiwa bado mbichi. Hewa iliyochoka inapita juu yake. Bawa linaweza kupinda sana bila hewa kuliacha. Bila upenyo ule, ndege kubwa ingehitaji kutua kwa mwendo ambao matairi na uwanja visingeuvumilia. Na huku kwetu nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi na ndege hutua kwa kasi zaidi kuliko pwani, jambo hilo si la hiari.

Nikachonga flapu ya tatu. Niliacha upenyo wa upana wa penseli, mpana chini, mwembamba juu, kama faneli iliyolala. Kukiacha kiungo wazi kulinisumbua mkono kama kuandika kwa kushoto. Nikawasha feni, nikateremsha flapu mpaka mwisho, na nyuzi zote za mgongo wake zikalala.

Nikazima feni, nikaziba upenyo kwa karatasi yenye gundi, nikawasha. Zikacheza. Nikabandua. Zikalala. Nilirudia mpaka fundi wa kuchomelea akaja kuuliza kama vifaranga wameanguliwa.

Kusafirisha kisanduku hadi Iringa ilikuwa kazi nyingine. Nilikizungushia shuka kuukuu ili kioo kisipasuke, nikasimama nacho kituoni Uyole. Kondakta alikitazama, akakitazama tena, akashusha sauti.

"Mzee wangu, pole sana. Lakini marehemu ana utaratibu wake, hatumpakii kwenye buti."

Nilimfunulia aone kioo na mirija. Akaita wenzake, wakaangalia, na mmoja akasema afadhali angekuwa marehemu, angalau wangejua wanapakia nini. Wakakipakia. Mpaka Chimala abiria wa nyuma walikuwa wameshajua kwamba kuna mzee amebeba ndege, na Makambako, ambako upepo huwa hautulii, mtu mmoja akashauri nikifungue dirishani tufike mapema.

Nyumba ya dada iko kwenye mwinuko wa mji, miamba mikubwa nyuma yake. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chenye mito mitatu, mashine ya kushonea sweta imefunikwa kitambaa. Alikuwa amekonda. Binti yake alinisalimu, akakitazama kisanduku kwa macho ya mtu ambaye hana tumaini lakini amefundishwa adabu. Nikakiweka juu ya meza, nikachomeka feni, nikawaeleza kila kipande ni nini. Nikabonyeza swichi. Feni ikazunguka, nyuzi zikaanza kulala, na umeme ukakatika.

Tulisubiri. Binti akatengeneza chai, tukanywa, umeme haukurudi. Dada akaangalia nje, ambako nguo kwenye kamba zilikuwa zimesimama kwa upepo.

"Feni lako limekufa," alisema. "Na upepo wa Mungu nao unasubiri tanesko?"

Nikamweleza kwamba upepo wa nje hauna mpangilio, unakuja kwa mafungu na unazunguka, ndiyo maana nimeweka mirija ya kuunyoosha.

"Na ndege yenyewe inapita kwenye mirija?"

Nikafungua kisanduku, nikalitoa bawa, tukambeba na kiti chake mpaka uani. Nikampa alishike mwenyewe, mkono huku na mkono huku. Nilikuwa nimeziba upenyo na kuteremsha flapu. Upepo ulipokuja nyuzi za flapu zikasimama na kutapatapa. Nikamwambia azitazame vizuri, kwa sababu hilo ndilo bawa lisilo na upenyo. Kisha nikabandua karatasi. Upepo ukatulia, ukarudi ukiwa mrefu, wenye nguvu, kama unavyokuja kule mchana wa kiangazi. Nyuzi zikalala. Mikono ya dada ikapanda kutoka mapajani bila yeye kuiinua.

"Linataka kuondoka," alisema.

"Ndiyo kazi yake."

Alikaa nalo muda mrefu. Upepo ukipungua analishusha, ukirudi analiacha lipande. Aliinamisha macho kwenye upenyo, akapitisha ukucha kama mteja, ukucha ukazama. Nilimwambia kwamba hapo ndipo alipoona kahawa, na kwamba aliyeutengeneza aliuacha kwa makusudi, maana bila huo hewa ingeliacha bawa. Nikamsimulia pia habari ya flapu zangu mbili zilizoshindwa na namna nilivyouziba upenyo nikidhani natengeneza kazi safi. Akacheka hadi akashika mgongo.

Kisha akaacha kucheka.

"Na likifunguka la upande mmoja tu?"

"Mama, haiwezekani hiyo," binti akadakia.

Dada hakumgeukia. "Nimemuuliza babu."

Nilitazama bawa lililokuwa mikononi mwake. Lilikuwa bawa moja. Katika siku zote zile sikuwa nimefikiria kwamba ndege ina mawili. Upande mmoja ukibeba zaidi ya mwingine, ndege ingelala ubavu. Hilo nililiona hapo hapo. Kama limezuiwa, na limezuiwaje, sikujua. Binti alikuwa akinikonyeza kutoka nyuma ya kiti.

"Sijui, dada," nikasema. "Nitatafuta."

Binti aliingia ndani na vikombe, na nilisikia vikigongana kwenye karai zaidi ya ilivyolazimu. Asubuhi yake aliniambia, akinisindikiza kituoni, kwamba mama alikuwa ameshakubali na mimi nimeharibu. Nikamwambia huenda ni kweli.

Swali lile lilinichukua muda kuliko kisanduku. Vitabu nilivyokuwa navyo vilieleza hewa, havikueleza mitambo. Nilipata maelezo kidogo kidogo, nikiyalinganisha, na nilipokuwa na hakika nikampigia dada. Nilimweleza kila kitu. Kwamba kwenye ndege nyingi flapu za pande mbili zimeunganishwa na mtambo mmoja, zisogee pamoja. Kwamba kuna kifaa kinachozilinganisha, na upande mmoja ukitangulia hata kidogo kinafunga zote zibaki zilipofika. Rubani hapo hutua na flapu pungufu, kwa mwendo mkubwa zaidi, kwenye uwanja mrefu, na amefanyishwa mazoezi ya jambo hilo. Nikamwambia na hili: kwamba kimeshawahi kutokea, na kwamba hakuna kilichotengenezwa na binadamu ambacho hakiharibiki kamwe.

Aliniomba nirudie habari ya kile kifaa, nikarudia.

"Kwa hiyo hata wao waliogopa hilo," alisema. "Waliogopa kabla yangu, wakaweka kitasa."

"Ndiyo."

"Wanangu wananiambia haiwezekani. Wewe unaniambia inawezekana na kuna kitasa." Akapumua. "Mwambie huyo mtoto akate tiketi. Yangu na yako. Wewe ndiye utakaa dirishani."

Nilikuwa sijawahi kufika mahali pa juu kuliko paa la ghorofa nililokuwa nalipigilia. Lakini sikuwa na haki ya kukataa.

Ndege ya kutoka Iringa ilikuwa ndogo, ya mapangaboi. Tulikaa nyuma kidogo ya bawa, dada amewekewa mto mgongoni. Tulipokuwa bado chini, flapu zikasogea nje kidogo na kuinama. Dada akanishika mkono kwa kucha.

"Hukunieleza habari ya kuondoka."

Ni kweli, nilikuwa nimejishughulisha na kutua tu. Nikamwambia wakati wa kuruka zinateremshwa kidogo, kupata ubebaji bila kukaba mwendo. Nilijaribu kuendelea, lakini ndege ilianza kukimbia na sauti yangu ikapotea.

Juu kulikuwa na utulivu. Dada alisinzia bila kidonge. Tulipoanza kushuka, nilisikia mlio wa mtambo chini ya miguu, na bawa likafunguka mbele ya macho yangu. Nilijua kila kilichokuwa kinatendeka. Ningeweza kuchora. Hata hivyo nilijikuta nimeng'ang'ania kiti cha mbele, kwa sababu mwanga ulikuwa unapita katikati ya kitu kilichotubeba, na chini ya mwanga ule kulikuwa na mapaa ya watu. Nilielewa kwamba nilichomtaka dada akishinde kilikuwa kikubwa kuliko nilivyodhani.

Alikuwa ameamka. Alijivuta, akaegemea kifuani mwangu ili afike dirishani, uzito wake wote kwangu, na akatazama. Alitazama upenyo mpaka matairi yalipogusa ardhi.

"Ni mwembamba kuliko wa kwako," alisema, akarudi kwenye mto wake.

Walimletea kiti cha magurudumu mpaka chini ya ngazi. Jioni hiyo alilazwa, na kesho yake asubuhi wakampeleka chumba cha upasuaji. Mlangoni aliniambia nisimsumbue daktari kwa maswali, atachelewa kuanza. Nilikaa kwenye benchi la nje na ndugu wa wagonjwa wengine. Hakukuwa na kitu cha kupima wala kuchonga, na nilijilazimisha nisisome chochote kuhusu pingili za mgongo, kwa sababu nilijua nikianza sitaacha, na wakati huo maarifa yangu hayangemsaidia mtu.

Siku iliyofuata waliniruhusu kuingia. Alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka. Muuguzi alifunua mguu wa kushoto, akachukua kifuniko cha kalamu na kukipitisha kwenye unyayo, akianzia kisigino, akimwomba aseme anapohisi.

"Hapo," dada alisema. "Hapo." Kifuniko kikasogea karibu na vidole. "Hapo pia, kama kwa mbali."

Kikafika kwenye kidole gumba. Akafumba macho, akasubiri.

"Hapo bado," alisema. "Rudia."

Muuguzi akaanza tena kutoka kisigino.